Televisheni yaweza kukutoa jasho

KWA muda mrefu wazazi wa pwani wamekuwa na kesi na michezo ya video. Mtoto akirudi skuli hutupa mfuko wake pembeni, akaketi mbele ya kioo cha televisheni, na hanyanyuki mpaka asikie adhana ya Magharibi, tena baada ya kugombezwa. Huko Majengo, Kisauni na Mji wa Kale mna vibanda ambamo vijana hulipia mechi moja moja wakacheza kandanda ya vidole gumba, miguu imelala chini ya benchi.

Kwa hivyo mtu akiambiwa kwamba iko michezo ya jamii hiyo hiyo inayomtoa mchezaji jasho mpaka fulana ikaloa, hufikiri anafanyiwa mzaha. Si mzaha. Iko, na ina umri wa zaidi ya miaka 40.

Kanuni yake ni nyepesi. Katika mchezo wa kawaida kijana hubonyeza kidude, na mtu wa kiooni ndiye akimbiaye kwa niaba yake. Katika michezo hii hakuna wakala. Ukitaka mtu wa kiooni akimbie, kimbia wewe. Ukitaka ainame, inama wewe. Ukisimama kuvuta pumzi, naye husimama akikutazama.

Jambo hili lawahusu wasomaji wetu kuliko linavyoonekana, na hasa kina mama. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Lakini ukiwatenga wanaume na wanawake, hesabu yabadilika kabisa. Wanaume hawakufika 18 katika kila 100. Wanawake walipita 38.

Mwanamume akiambiwa na daktari kuwa sukari yake imepanda na kwamba lazima aushughulishe mwili, anazo njia. Atatoka baada ya sala ya Alfajiri akatembee Mama Ngina upepo ungali mzuri, au jioni ateremke ufuoni kwa kandanda pamoja na wenziwe. Mkewe akiambiwa maneno hayo hayo, aanzie wapi?

Wako wanawake watembeao asubuhi na buibui zao, makundi kwa makundi, na wanastahili heshima. Lakini wengi wana watoto wa kuvisha na chai ya kupika, na hata wakipata nafasi hawapendi kurukaruka mbele za watu. Kumbi za mazoezi zenye saa za wanawake peke yao si nyingi, na zina ada. Basi siku hupita kwa mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi mchana, na kuketi alasiri kwa mazungumzo. Tena kwetu mtu akinenepa husifiwa kuwa amenawiri, mashallah, hata mwenyewe akaona haya kusema kuwa magoti yamuuma.

Wala asije mtu akadai kuwa mwanamke kujizoeza mwili ni mambo ya kuiga. Wanavyuoni wamepokea, na Abu Daud ameiweka katika mkusanyiko wake, habari ya Bibi Aisha kushindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena na Mtume ndiye aliyeshinda, akamfanyia utani kuwa hiyo ni malipo ya ile. Habari hiyo ina zaidi ya miaka 1400, na ndani yake mna mbio, mna uzito, na mna furaha ya mume na mke.

MKEKA

Turudi kwenye mashine. Mwaka 1982 kampuni ya Amiga ya Marekani ilitoa ubao wa kusimamia uitwao Joyboard, uliounganishwa na mashine ya Atari. Mchezaji alipanda juu yake akawa aegemea kushoto na kulia ili mtu wa kiooni ateleze kwenye theluji, jambo ambalo mtu wa pwani hajaliona ila pichani. Haukupata soko kubwa.

Mwaka 1986 kampuni ya Bandai ya Japani ikaja na kitu ambacho sisi tungekifahamu mara moja: mkeka. Ulikuwa wa plastiki, umetandikwa sakafuni, na ndani yake mna vidude vya kukanyaga. Mchezaji hukimbia papo hapo alipo, na kadiri anavyokanyaga upesi ndivyo mtu wa kiooni anavyokwenda mbio. Mwaka 1988 kampuni ya Nintendo iliuuza mkeka huo Marekani kwa jina la Power Pad. Watoto hawakuchukua siku nyingi kugundua kuwa mtu akipiga magoti na kuupigapiga mkeka kwa viganja, hushinda mbio bila ya kuchoka. Ujanja wa watoto ni mmoja dunia nzima.

Mchezo uliowashika watu hasa ulitoka Japani mwaka 1998. Kampuni ya Konami ilitengeneza Dance Dance Revolution, ambao ni mchezo wa ngoma. Mishale minne hupanda kiooni kwa kufuata mdundo, na mchezaji hukanyaga mahali mshale unapoelekeza: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ukiwa mwanzo ni kama mchezo wa watoto. Ukifika daraja za juu, miguu haionekani kwa wepesi. Ulianzia katika kumbi za michezo, kisha ukaingia majumbani kwa njia ya mkeka.

Mtu aliyeziona ngoma za arusi za Lamu na Mombasa hatashangaa hata kidogo. Wanawake wetu wamejua siku zote kuwa chakacha yataka pumzi na kiuno chepesi, na mwenye kuicheza mpaka usiku wa manane kesho yake huamka na mapaja mazito. Wamarekani iliwabidi wanunue mashine ili wayajue hayo. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia, lililokuwa likisumbuliwa na unene wa watoto, lilitangaza mpango wa kuuweka mchezo huo katika skuli zake zote za umma 765, uwe sehemu ya somo la mazoezi. Watoto wanene walioona haya kukimbia uwanjani walikuwa tayari kukanyaga mishale.

MIZANI

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2006 Nintendo ilitoa mashine ya Wii, na hapo ndipo wazee nao walipoingia mchezoni. Badala ya kidude chenye vifungo chungu nzima, mchezaji alipewa fimbo fupi nyeupe inayohisi mkono unavyokwenda. Ukitaka kupiga mpira wa tenisi, upunge mkono kama mwenye raketi. Bibi ambaye hajawahi kushika mashine yoyote ila cherehani aliweza kumshinda mjukuu wake. Huko Ulaya na Marekani nyumba za kulelea wazee ziliinunua kwa ajili ya mchezo wa kuangusha vigogo kwa mpira, ambao mzee aliyeketi kitini aweza kuucheza.

Vituko navyo vilikuwapo. Watu walipunga kwa nguvu hata fimbo ikachopoka mkononi na kupasua kioo cha televisheni. Mwezi wa Disemba 2006 Nintendo ilijitolea kubadilisha kamba za mkononi milioni 3.2 zilizokuwa nyembamba, iwape watu nene zaidi. Mwaka 2007 jarida kubwa la madaktari la Marekani lilichapisha barua ya daktari wa miaka 29 aliyeamka bega limemkaza kwa maumivu. Alipojichunguza akakuta kisa ni tenisi ya sebuleni aliyoicheza saa nyingi. Akaupa ugonjwa huo jina la mashine yenyewe.

Mtu aliyeipeleka Wii kwenye mazoezi hasa ni Shigeru Miyamoto, mbunifu wa Nintendo aliyemzua Mario, yule fundi wa mabomba mwenye masharubu. Bwana huyu alianza desturi ya kujipima uzito nyumbani kila siku na kuandika hesabu. Akaona kuwa kule kutazama hesabu ikipanda na kushuka kulimfurahisha, na watu wa nyumbani kwake pia wakavutika. Akajiuliza kwa nini mizani isiwe mchezo.

Wenzake walipokuwa wakitafuta njia, walikumbuka kuwa wapiganaji wa mieleka ya sumo, kwa ukubwa wa miili yao, hupimwa kwa mizani mbili, kila mguu juu ya wake. Hapo ukazaliwa ubao wa Wii Fit, uliotoka Japani Disemba 2007 na nchi nyingine mwaka 2008. Ni ubao mweupe wa kusimamia, wenye vipima uzito vinne chini yake, kimoja kila pembe, nao hubeba mtu wa hadi kilo 150. Kwa kulinganisha vipimo hivyo vinne hujua si uzito wako tu, bali umeegemea wapi. Watu wengi hawajui kuwa husimama wakiulemea mguu mmoja mpaka ubao uwaambie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 22.

Lakini ubao huo haukuwa na adabu. Ulichukua urefu na uzito ukafanya hesabu moja kwa watu wote, na mwaka 2008 kulitokea kelele huko Uingereza baada ya msichana wa miaka 10 kuambiwa na mchezo kuwa ni mnene, naye hakuwa hivyo. Nintendo iliomba radhi. Hesabu ile ilitungwa kwa watu wazima. Mtoto angali akikua, na haifai kumpima nayo namna hiyo. Mzazi anayemweka bintiye juu ya mizani ya aina yoyote akumbuke hilo kabla ya maneno kumtoka.

JASHO

Je, yafaa? Hapa ndipo wauzaji na wachunguzi wanapoachana njia.

Mwaka 2007 wachunguzi wa Liverpool, Uingereza, waliwachukua vijana 11 wa miaka 13 hadi 15, wakawapima nguvu wanayoitumia wakicheza mchezo wa kuketi, kisha wakicheza tenisi, ndondi na kuangusha vigogo kwa Wii. Waliosimama walitumia nguvu zaidi kwa asilimia 51 au kupita. Habari njema hiyo. Lakini wachunguzi wakaongeza kuwa hiyo ni kidogo kuliko nguvu inayotumika katika tenisi au ndondi ya kweli, wala haikutosha kuhesabiwa katika mazoezi ambayo mtoto huyahitaji kila siku.

Mwaka 2010 Wajapani walifanya kazi ya subira zaidi. Waliwaweka watu wazima 12 katika chumba maalumu kinachopima pumzi, wakawapitisha katika shughuli 68 za Wii Fit Plus na Wii Sports, moja baada ya nyingine. Shughuli 46 zilikuwa nyepesi, karibu na kutembea polepole nyumbani. Shughuli 22 zilikuwa za wastani, kama kutembea haraka. Nzito hazikupatikana hata moja.

Hesabu hiyo yafaa kushikwa sana, kwa kuwa yaeleza kwa nini watu wawili wenye mashine ileile hupata matokeo mbali mbali. Mmoja huchagua ndondi, kukimbia papo hapo na kupanda na kushuka ubao. Mwingine huchagua michezo ya kusimama wima na kuegemea, akadhani kuwa naye amefanya mazoezi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kila juma, na mtoto dakika 60 kila siku. Nusu saa ya ndondi ya sebuleni, siku tano, ni dakika 150. Nusu saa ya kuegemea haihesabiki.

Kuijua shughuli ya wastani hakuhitaji chumba cha Wajapani. Ukiwa wafanya na waweza kuzungumza na aliye jikoni, lakini huwezi kuimba, uko mahali pake. Ukiweza kuimba kaswida beti tatu bila ya kutweta, ongeza mwendo.

Uchunguzi mwingine uliwavunja moyo wengi. Mwaka 2012 madaktari wa watoto huko Houston, Marekani, waligawa Wii kwa watoto 78 wa miaka 9 hadi 12. Kundi moja lilipewa michezo ya kujitaabisha, la pili michezo ya kuketi. Watoto walivishwa vyombo vya kuhesabu mwendo kwa majuma 13. Mwisho wake hapakuwa na tofauti baina ya makundi mawili. Kumpa mtoto mashine na kumwachia mwenyewe hakukumfanya atembee zaidi. Ama hakuicheza kwa bidii, ama alichokipata mbele ya kioo alikipunguza kwingine. Kwa vyovyote vile jumla ilibaki palepale.

Na liko jambo ambalo wazee wa barazani watalipenda. Kwa miaka kadhaa hospitali za nchi nyingi ziliwapa Wii watu waliopooza mkono kwa kiharusi, wapate kuurudishia nguvu. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 141 katika Kanada, Argentina, Peru na Thailand. Nusu walicheza Wii, nusu wakacheza karata, bingo na michezo ya mpira. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na mashine haikuwapita wacheza karata. Kinachotakiwa ni mkono utumike mara nyingi, kwa jambo linalompendeza mgonjwa. Sidhani kama yuko mtu aliyekwisha kufanya uchunguzi wa bao, lakini kete nazo huchukuliwa kwa vidole na kutawanywa kwa mkono, mara nyingi katika mchezo mmoja.

Hayo yote hayasemi kuwa michezo hii ni bure. Yasema kuwa si dawa ya kumeza na kulala. Kwa mtu aliyekuwa hafanyi lolote, hatua yoyote ni faida, na mchezo una sifa moja ambayo kuruka peke yako chumbani hakuna: hukufanya utake kujua kesho utafika wapi. Adui yake ni uchovu wa moyo. Mbao nyingi katika zile milioni 22 ziliishia chini ya vitanda.

PETE

Waliojaribu kuiponya kasoro hiyo ni Nintendo wenyewe, walipotoa Ring Fit Adventure mwezi wa Oktoba 2019 kwa mashine yao ya Switch. Mchezaji hushika pete kubwa ya plastiki inayopindika, kiasi cha sinia ndogo, na hufungwa ukanda wenye kidude kwenye paja la kushoto. Pete hujua waibana au waivuta kwa nguvu gani. Kidude cha paja hujua wakimbia au umechuchumaa. Halafu husimuliwa kisa cha safari na joka lenye misuli, na kila pigo la kulipiga joka hilo ni zoezi: kuchuchumaa, kubana pete kifuani, kuinua mapaja, kukunja tumbo. Mwenye kumaliza safari amefanya maelfu ya mazoezi bila ya kuyahesabu.

Mchezo huu wapita ule ubao kwa mbali, kwa kuwa unashughulisha misuli na haukuruhusu kudanganya sana. Miezi michache baada ya kutoka, dunia ikafungiwa majumbani kwa sababu ya Korona mwaka 2020, na pete zikaadimika madukani. Zimeuzwa zaidi ya milioni 15. Japani mwaka 2021 wagonjwa wa maumivu ya mgongo ya muda mrefu waliucheza dakika 40 mara moja kwa juma kwa majuma 8, na maumivu yao yakapungua. Mwenye mgongo mbovu hata hivyo aanze kwa daktari.

Iko pia michezo ya kuvaa miwani mizito inayofunika macho yote, kama Beat Saber uliotungwa na vijana wa Prague, ambapo mtu hukata vijiwe vinavyomjia kwa panga za mwanga. Hutoa jasho kweli. Lakini hiyo yataka nafasi ya mita 2 kwa 2 isiyo na kitu, na mvaaji haoni meza, haoni mtoto atambaaye. Katika nyumba yenye watoto wadogo mimi nisingeiingiza.

FARAGHA

Sasa yale ambayo kitabu cha maelezo hakikuyaandika, na ambayo nyumba ya Kiislamu lazima iyatazame.

La kwanza ni kamera. Mwaka 2010 Microsoft ilitoa Kinect, chombo kinachokaa juu au chini ya televisheni na kuona mwili mzima wa mchezaji bila ya kushika chochote. Katika siku 60 za mwanzo kiliuzwa milioni 8. Kilikoma kutengenezwa mwaka 2017, lakini vilivyotumika vingaliko mikononi mwa watu. Chombo hicho huona chumba kizima, na baadhi ya michezo yake hupiga picha za wachezaji wakiwa katikati ya kuruka, ikazionyesha mwishoni. Mwanamke aliye nyumbani kwake bila ya mtandio, amevaa nguo za mazoezi, ana haki ya kujua hayo kabla. Anayekitumia asikiunganishe na intaneti, na akimaliza achomoe waya. Ubao wa Wii na pete ya Ring Fit hazikitazami chumba. Hizo zafaa zaidi kwa nyumba zetu.

La pili ni muziki. Wako wanaouepuka kabisa, na hilo ni baina ya mtu na mwalimu wake. Neno langu ni la vyombo tu: Wii Fit na Ring Fit huchezeka hata sauti ya televisheni ikizimwa, kwa sababu maelekezo huandikwa na kuchorwa kiooni. Michezo ya ngoma hupoteza ladha yake yote. Na ile ya Just Dance, iliyoanza mwaka 2009, mzazi aitazame kwanza wimbo baada ya wimbo, maana mavazi ya baadhi ya wachezaji wa kiooni si ya kuonyeshwa watoto.

La tatu ni wakati. Joto la mchana la pwani si la mchezo wa kuruka katika chumba chenye feni moja. Baada ya Alfajiri ni bora, au baada ya Isha. Katika Ramadhani, wengi huona nafuu baada ya tarawehe, futari imeshuka na maji yamenywewa. Mgonjwa wa sukari anayefunga amwulize daktari wake mapema. Na mwenye kupiga sindano ya insulini, Ramadhani au isiwe Ramadhani, aweke tende karibu na televisheni, kwa kuwa mazoezi hushusha sukari na huweza kuishusha ghafla.

La nne ni nyumba yenyewe. Vyumba vya kale vya Lamu na vya Mji wa Kale ni virefu na vyembamba, upana wake ukifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo aghalabu hazipiti mita 3. Kinect yataka umbali wa mita 1.8 kwa mtu mmoja na mita 2.4 kwa wawili, kwa hivyo televisheni iwekwe upande wa mwisho wa chumba, si ukutani katikati. Anayekaa ghorofani naye afikirie majirani walio chini. Ring Fit ina namna ya kimya inayobadilisha kukimbia kuwa kuchuchumaa, nayo hutaabisha mapaja kupita mbio zenyewe.

Kwa wanaotaka kununua: Wii na mbao zake hazitengenezwi tena, na zile zilizotumika huuzwa rahisi kuliko mashine mpya, nyingine zikiletwa na jamaa kutoka Uarabuni, Uingereza au Marekani. Iliyotoka Marekani au Japani ina adapta ya umeme mdogo wa nchi hizo. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 240 yaungua siku hiyo hiyo. Tena diski za Wii zimefungwa kwa nchi, kwa hivyo diski ya Marekani haichezi katika mashine ya Ulaya. Switch haina matatizo hayo mawili.

Ubao wa Wii hutumia betri nne ndogo. Kabla ya kutoa pesa, ugeuze ubao, fungua kifuniko cha betri na utazame vyuma vilivyo ndani. Hewa yetu ya chumvi huvila. Ukiona unga wa kijani umeshika pembeni, mrudishie mwenyewe ubao wake.